Cheti Kimoja kwa Famasi ya Jirani

Oktoba 2025 kampuni ya Rite Aid ilifunga maduka yake ya mwisho. Ilizaliwa hapa hapa Pennsylvania, katika mji wa Scranton, mwaka 1962, na hata ilipofilisika mara ya kwanza, Oktoba 2023, bado ilikuwa na maduka zaidi ya 2,000. Miaka miwili ikatosha kuyamaliza yote. Walgreens nao walitangaza mwaka 2024 kwamba wangefunga maduka 1,200 ndani ya miaka mitatu, na CVS walikuwa wameshafunga mamia. Kwetu Pittsburgh habari hizi zilikuja kwa karatasi iliyobandikwa mlangoni: duka limefungwa, cheti chako kimehamishiwa duka fulani, asante kwa kuwa mteja wetu. Mzee aliyekuja kwa mkongojo anasomewa karatasi hiyo na mpita njia, na basi lililomleta limeshaondoka.

Nawaandikia ninyi ndugu zangu mnaosema Kiswahili katika mji huu: mliotoka Kivu mkapitia kambi ya Nyarugusu, Wasomali Bantu mliolelewa katika kambi za Dadaab na Kakuma, Wakenya na Watanzania mnaosoma na kufanya kazi katika vyuo na hospitali za mtaa wa Oakland. Ombi langu ni fupi. Famasi yako ikifungwa, au hata isipofungwa, usiiachie kompyuta ikuchagulie pa kwenda. Chukua cheti chako ukipeleke famasi ya mtaani inayomilikiwa na familia. Na nina mtaa mmoja akilini, Squirrel Hill, kwa sababu wengi wetu tunaupita kila siku dirishani mwa basi bila kujua una nini cha kutufaa.

Squirrel Hill umekuwa kitovu cha Wayahudi wa Pittsburgh tangu miaka ya 1920. Ukishuka basi la 61C karibu na makutano ya Forbes na Murray utaona maktaba ya umma kwenye kona, na hatua chache kutoka hapo jengo la kituo cha jumuiya ya Kiyahudi, lenye saa ambayo namba zake ni herufi za Kiebrania. Ukiteremka na Murray, migahawa ya Kichina imepakana na maduka ya Wayahudi, na wanafunzi wa kila taifa wanapishana na wazee wenye kofia nyeusi. Baadhi yenu mliujua mtaa huu kabla hamjaufikia, kwa sababu jina lake lilikuwa kwenye makaratasi yenu: shirika la Jewish Family and Community Services, lenye ofisi zake hapo, limepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo. Shirika la kitaifa waliloshirikiana nalo, HIAS, lilianza zaidi ya karne iliyopita kwa kuwasaidia Wayahudi waliokimbilia New York, na baadaye likawahudumia wakimbizi hadi Nairobi.

Ni kazi hiyo hiyo iliyomchukiza yule muuaji wa Jumamosi ya 27 Oktoba 2018. Aliingia sinagogi la Tree of Life, ambamo jumuiya tatu za waumini zilikuwa zikisali, akaua watu 11. Muda mfupi kabla ya kuingia aliandika kwamba HIAS wanaleta wavamizi. Wavamizi aliowakusudia ni sisi. Waislamu wa mji huu walichangisha zaidi ya dola 200,000 kwa ajili ya wafiwa na majeruhi, na halikuwa jambo dogo. Lakini mchango wa msiba hutolewa mara moja. Ninachokiomba leo ni ujirani wa siku za kawaida, ule wa kununua na kuuza na kujuliana hali.

Famasi ninayoizungumzia sitaitaja jina. Mwenyewe hakuniomba nimpigie debe, na hoja yangu inazihusu zote za aina yake, za hapa, za Brooklyn, na za Golders Green kule London. Ni chumba kirefu chembamba. Kwenye mwimo wa mlango kumepigiliwa mezuzah, kijaluba chenye maandiko ya Torati. Kaunta iko mwisho wa chumba, imeinuliwa kidogo, na nyuma yake zimepangwa chupa za plastiki za rangi ya kahawia zenye vifuniko vyeupe. Pasaka ya Kiyahudi inapokaribia, rundo la karatasi huwekwa kando ya mashine ya malipo: orodha ya dawa na viungo vyake, maana katika siku hizo Myahudi mshika dini hana ruhusa hata ya kuwa na chachu nyumbani mwake, na wanga wa ngano unaweza kujificha ndani ya kidonge au dawa ya maji ya mtoto. Marabi wengi huruhusu kidonge kisicho na ladha kimezwe na mgonjwa bila wasiwasi. Dawa tamu ya mtoto ndiyo huleta maswali, na maswali hayo huishia kaunta.

Hapo ndipo ninapotaka mnielewe. Famasi iliyokaa kati ya Wayahudi miaka mingi imezoea maswali ambayo kwingine mtu hutazamwa kama kituko akiyauliza. Ganda la kapsuli hii limetengenezwa kwa jelatini ya mnyama gani? Je, heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda ambayo hutolewa kwenye utumbo wa nguruwe, mgonjwa anaweza kuchomwa? Marabi husema ndiyo, kwa kuwa hailiwi na kwa kuwa kuokoa uhai hutangulia. Mama wa Kiislamu kutoka Mombasa akiuliza swali la jelatini kwenye duka kubwa la barabara kuu, kijana wa kaunta atamwangalia, ataangalia foleni, atasema hajui. Akiuliza Squirrel Hill, mfamasia atageuza chupa, atasoma, na ikibidi atampigia mtengenezaji simu. Ameshawauliza mara nyingi kwa niaba ya wateja wake wengine.

Na kufunga. Siku ya Yom Kippur Wayahudi hukaa saa 25 bila chakula wala maji. Wiki zinazotangulia, wenye kisukari na presha hupita kaunta mmoja mmoja: nipunguze insulini? nimeze kidonge bila maji? Jibu hutegemea mtu na dawa yake, na mara nyingine ni kwamba wewe huruhusiwi kufunga kabisa, nenda kamuulize rabi naye atakwambia hivyo hivyo. Wapo wagonjwa wanaoelekezwa kunywa kidogo kidogo, kiasi kisichofikia kipimo cha sheria, na kupumzika dakika kadhaa kati ya funda na funda. Kuna hata dawa ya kafeini inayowekwa njia ya haja kubwa kwa ajili ya wale wanaoumwa kichwa wakikosa kahawa. Mitaa ya Wayahudi washika dini, kuanzia Brooklyn hadi Jerusalem, inaijua vizuri. Mnywaji chai wa Pwani aliyewahi kuipitia siku ya kwanza ya Ramadhani hana haja ya kuelezwa kichwa hicho. Ila kwake hiyo si njia ya mkato: kwa madhehebu ya Shafi, kinachoingizwa huko hubatilisha funga, na mfamasia anayewauzia Waislamu anapaswa kuambiwa hilo. Mwambieni. Akishasikia mara moja hatasahau.

Kinachonivutia si kwamba dini zetu zinafanana. Zinatofautiana, na mfamasia hahitaji kujua fiqhi. Anachohitaji ni kutochukulia swali la ibada kama kelele inayomchelewesha. Mwenye kisukari anayefunga Ramadhani bila kumwambia mtu, kwa sababu mara ya mwisho alipouliza alidharauliwa, anaweza kujikuta hospitali wiki ya pili. Huyo anatafuta mtu wa kumpangia dawa zake kati ya daku na futari, na mtu huyo anaweza kuwa yule ambaye mwezi wa Tishri, ule wa Yom Kippur, amewapangia majirani zake funga yao.

Kuna na jambo la saa. Nilikuwa mkalimani wa mama mmoja aliyekaa Nyarugusu miaka mingi kabla ya kuletwa hapa. Alifuata dawa zake akalalamika kwamba halali. Mfamasia hakuishia kumwambia amwone daktari. Alimwomba atoe chupa, akamuuliza anazimeza saa ngapi. Lebo ilisema saa 8 asubuhi na saa 8 usiku kwa hesabu ya Kizungu. Mjukuu wake, ambaye Kiingereza chake ni cha shule na Kiswahili chake ni cha jikoni, alikuwa amemsomea namba kama ilivyo: saa nane. Basi bibi akawa anameza kimoja saa nane mchana, na cha pili anaamka usiku wa manane, anawasha taa, anatafuta maji, anameza, kisha anakaa macho hadi alfajiri. Nafasi kati ya dozi na dozi ilikuwa sawasawa. Aliyeharibika ni bibi.

Nilipomweleza mfamasia kwamba sisi huhesabu saa kuanzia macheo, sikutarajia afurahi vile. Sheria ya Kiyahudi nayo hugawa mchana mafungu kumi na mawili kuanzia jua linapochomoza, na kwa fungu la tatu, saa tatu yetu hasa, ndipo unapokwisha muda wa sala fulani ya asubuhi. Siku yao huanza magharibi, kama vile wazee wa Pwani wanavyoita usiku wa Ijumaa ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Akachukua kalamu akachora juu ya lebo jua linalochomoza na mwezi, akaandika 2 kando ya kila mmoja. Dakika chache, bila malipo yoyote.

Bila malipo. Nataka kukaa hapo, maana ndipo tunapowaua majirani hawa huku tukiwasifu. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na zile dakika za jua na mwezi zimelipiwa na mtu. Famasi haitozi ushauri. Inaishi kwa vidonge inavyotoa, na juu ya vidonge hivyo mwenye duka hana usemi wa bei.

Ukisimama kaunta na kadi yako ya bima, mfamasia huingiza cheti kwenye kompyuta, na kompyuta hupeleka dai kwa kampuni ya kati inayosimamia malipo ya dawa kwa niaba ya bima. Ndani ya sekunde chache jibu linarudi: mgonjwa alipe kiasi hiki, wewe tutakulipa kiasi hiki. Hakuna kupatana. Tuseme dawa imemgharimu mwenye duka dola 300 kwa msambazaji, na skrini inasema atalipwa 285. Akikupa, amekula hasara ya dola 15 kabla hajalipa umeme wala mshahara wa msaidizi. Akikataa, umetoka mikono mitupu. Wengi hukupa, na wewe hutajua.

Hizo kampuni za kati si nyingi. Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ilieleza Julai 2024 kwamba tatu kati yao, CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, hushughulikia karibu asilimia 80 ya vyeti vyote vya dawa Marekani. Ya kwanza ni mali ya kampuni ile ile yenye maduka ya CVS. Ya pili ni ya Cigna, ya tatu ni ya UnitedHealth, na zote zina famasi zao za kutuma dawa kwa posta. Kwa hiyo anayepanga malipo ya duka la jirani yako ni mshindani wake. Zenyewe hujitetea kwamba zinapunguza gharama kwa waajiri na bima, na huenda pengine zinapunguza. Lakini mwamuzi wa mechi akivaa jezi ya timu moja, hata filimbi ya haki hupigiwa miguno.

Haishangazi basi kwamba utafiti uliochapishwa katika jarida la Health Affairs Desemba 2024 ulikuta karibu theluthi moja ya famasi zilizofanya kazi Marekani kati ya 2010 na 2020 zilikuwa zimefungwa kufikia 2021, na kwamba famasi za kujitegemea zilikuwa hatarini zaidi kuliko za makampuni makubwa. Mitaa ya watu Weusi na Walatino iliumia zaidi. Sheria zimeanza kuamka. Desemba 2020 Mahakama ya Juu, kwa majaji wote 8 walioshiriki, iliamua katika kesi ya Rutledge iliyotoka Arkansas kwamba majimbo yana haki ya kuwasimamia hawa watu wa kati. Pennsylvania ilipitisha Sheria namba 77 ya mwaka 2024, inayoiongezea Idara ya Bima ya jimbo nguvu juu yao. Ni hatua njema. Ila sheria huenda kwa mwendo wake, na kodi ya pango hulipwa kila mwezi.

Msidhani nawaambia mtupe pesa kwa ajili ya mapenzi. Kama bima yako inakulazimisha kununua kwingine, au dawa yako ya miezi mitatu kwa posta inakuokolea fedha unazohitaji kwa chakula cha watoto, nunua huko na usione haya. Famasi ya kifamilia ina mipaka yake pia. Hii ninayoisema hufungwa Ijumaa kabla jua halijazama na haifunguliwi hadi Jumapili, kwa hiyo homa ya mtoto ya Jumamosi asubuhi itafute pengine. Na si kila duka la familia ni zuri kwa kuwa ni la familia. Mwenye kukukaripia mbele ya watu ni yule yule, awe na hisa Wall Street au awe na picha ya babu yake ukutani. Nazungumzia lile ambalo umeingia, umeuliza, na umejibiwa kama mtu.

Wenye maduka ya namna hiyo ndio wanaosongwa, na Ijumaa ndiyo utawaona vizuri. Desemba jua la Pittsburgh linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Kuanzia adhuhuri simu hailali. Watu wanataka dawa za siku mbili tatu mkononi kabla ya Sabato, maana wakati huo hawatashika pesa wala kuendesha gari. Kwa maumivu madogo, sheria yao ya kale hata huzuia kumeza dawa siku hiyo, wahenga wao walihofia mtu atajisahau akaanza kusaga mizizi, na kusaga ni kazi. Ugonjwa wa hatari ni habari nyingine: hapo Sabato huvunjwa bila kusitasita, na mwenye dawa ya kila siku huendelea nayo. Kwa hiyo mfamasia hupitia majina. Fulani hajachukua za moyo. Fulani mtoto wake amemaliza pampu ya pumu. Anawapigia yeye, kabla hawajampigia. Kijana wa duka anatoka na mfuko wa karatasi chini ya theluji, akapande ngazi za nyumba ya ajuza anayeishi peke yake. Insulini iliyoachwa na posta barazani usiku wa Januari huganda, na ikishaganda imeharibika. Ya kwake inakabidhiwa mkononi.

Kazi hii kwa Wayahudi ni ya kale. Mwaka 1260 mjini Cairo mfamasia Myahudi aitwaye al-Kuhin al-Attar alimwandikia mwanawe kwa Kiarabu kitabu cha namna ya kuendesha duka la dawa, Minhaj al-dukkan, na wauza dawa wa nchi za Kiislamu wakakitumia kwa karne nyingi. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa mtu asiyekuwa Myahudi. Tadeusz Pankiewicz alikuwa Mpolandi Mkatoliki, na famasi yake ya Podgórze, mjini Kraków, ilianzishwa na baba yake Józef mwaka 1910. Machi 1941 Wanazi walilizungushia eneo hilo ukuta, wakawasukumia ndani Wayahudi wa mji. Famasi ikajikuta ndani. Wapolandi wengine waliokuwa wakiishi hapo waliondolewa; yeye alikataa kuhama, akapata kibali cha kubaki, na wanawake watatu waliomsaidia wakawa wanaingia kila siku kwa vibali vyao.

Alitoa dawa, mara nyingi bure. Alitoa pia rangi ya nywele. Kwa nini rangi? Kwa sababu mwenye mvi alionekana hafai kazi, na asiyefaa kazi alipakiwa kwenye treni. Mzee akipaka nywele nyeusi alipata wiki nyingine za kuishi, pengine zaidi. Kwa watoto wadogo kulikuwa na dawa ya usingizi, ili wasilie askari wanapopekua. Ghetto hiyo, yaani eneo lile lililozungushiwa ukuta, iliangamizwa Machi 1943. Taasisi ya kumbukumbu ya Yad Vashem ilimtambua Pankiewicz mwaka 1983 kuwa mmoja wa Wenye Haki kati ya Mataifa, na duka lake leo ni makumbusho. Rangi ya nywele ilipatikana kila mahali Kraków. Iliyookoa ni ile iliyokuwa kwenye rafu ya mtu aliyebaki mtaani na kujua jirani gani ana mvi.

Hatumo katika siku kama zile, na namwomba Mungu tusifike. Ila tumeishi kambini, wengi wetu, na tunajua thamani ya mhudumu anayekujua kwa jina la mwanao. Kambini tulipanga foleni kwa ajili yake. Hapa tunaweza kumchagua.

Basi fanyeni hivi. Kuhamisha cheti ni rahisi kuliko mnavyodhani: ingia famasi mpya na chupa zako pamoja na kadi ya bima, useme unataka kuhamia. Wao ndio watakaopiga simu famasi ya zamani. Wewe huna haja ya kumuaga mtu. Dawa chache zenye udhibiti mkali zina utaratibu wake, watakueleza. Kabla ya kuhama waulize kama wanapokea bima yako, na kama malipo yako yatabadilika. Kama ni yale yale, kama mara nyingi yalivyo, umebakiwa na sababu gani ya kusubiri?

Uliza pia bei ya taslimu. Zamani mikataba mingine ilimfunga mfamasia mdomo: hata kama dawa ilikuwa nafuu ukilipa mwenyewe bila bima, hakuruhusiwa kukwambia. Sheria ya shirikisho iliyotiwa saini Oktoba 2018 ilikifungua kinywa hicho. Lakini lazima uulize, na usione aibu.

Kama Kiingereza kinakupiga chenga, sema unataka mkalimani wa Kiswahili. Famasi inayopokea fedha za Medicaid au Medicare ina wajibu wa kukusaidia bila kukutoza, na huduma za ukalimani kwa simu zipo. Usimtumie mtoto wa miaka tisa kutafsiri dozi ya moyo ya baba yake. Ninyi vijana mnaojua lugha zote mbili, fikeni kaunta mjitambulishe, muwaandikie saa zetu kwenye karatasi wazibandike ukutani. Ni kazi ya nusu saa.

Wazazi wenu wenye Medicare huchagua mpango wa dawa kuanzia 15 Oktoba hadi 7 Desemba kila mwaka. Kaeni nao. Msitazame ada ya mwezi peke yake. Tazameni famasi zipi zimo kwenye mtandao wa mpango huo, na zipi zimepewa nafasi ya upendeleo. Mipango mingine humwondoa jirani kimya kimya, na mtu hugundua Januari akiwa kaunta. Mkiona mnasukumwa kwa nguvu mwende famasi ya kampuni fulani, pelekeni malalamiko Idara ya Bima ya Pennsylvania. Barua moja haitikisi kitu, lakini idara huhesabu barua.

Nanyi maimamu na wachungaji wetu, mwalikeni mfamasia aje msikitini wiki mbili kabla ya Ramadhani, au kanisani siku ya afya. Atakuja na mashine ya kupimia presha. Chanjo za homa ya mafua naye huchoma, na kila chanjo inayochomwa kwake badala ya kwingine inamsaidia kulipa yule kijana wa theluji. Mji huu ndio alikotengenezea Jonas Salk, mtoto wa familia ya Wayahudi wahamiaji, chanjo ya polio iliyotangazwa kuwa salama tarehe 12 Aprili 1955. Si vibaya tukajikumbusha kwamba dawa na ujirani vimewahi kukutana hapa.

Wewe unayenisoma ukiwa Columbus, Minneapolis, Toronto au London, Squirrel Hill si yako lakini famasi ya aina hii huenda ipo karibu nawe, ya Myahudi, ya Mhindi, ya Mwitaliano, ya Mnaijeria. Itafute. Ingia uulize swali moja gumu, uone unajibiwaje.

Kwa wa Pittsburgh: usihamishe vyote kwa siku moja kama una wasiwasi. Anza na cheti kimoja, kile cha dawa unayomeza kila siku. Toa chupa yake kabatini leo uitie mkobani. Jumapili wako wazi, na Ijumaa za majira ya baridi ufike kabla ya saa tisa mchana.